Nara, Hounslow, na Nyumba Niliyoiacha Tupu

Harusi ya dada yangu ilipita bila ya shoga wa bibi yangu kuwapo, na aliyemkosesha ni mimi. Sikumsengenya wala sikumfungia mlango. Nilichora ramani. Nayaandika haya kwa sababu kila ninapoyasimulia kwa mdomo watu hunihurumia, huniambia, "Lakini nia yako ilikuwa njema," na mimi huondoka nimefarijika kwa kitu nisichostahili.

Tunakaa Rayners Lane, pembezoni mwa London: mimi, mama, dada yangu kabla hajaolewa, na Bibi, mzaa mama. Nafanya kazi Heathrow, katika duka la mabegi na mito ya shingo. Sikwenda chuo. Katika mtihani wa mwisho wa skuli niliacha kurasa tupu. Majibu mengi niliyajua, ila sikuwa na hakika nayo kabisa, na jibu lisilo na hakika kwangu ni sawa na uongo. Tangu hapo najisomea mwenyewe, na kila ninachojisomea hukishika kwa meno.

Miaka ile nilikuwa nimekishika kitabu kimoja juu ya Nara, ambacho maktaba ya mtaa ilikuwa inakitoa bure kwa sababu hakuna aliyekiazima. Nara ni mji wa Japani, unajulikana kwa mahekalu makubwa na kulungu wanaotembea hovyo bustanini. Mtu akiambiwa kwamba hapo zamani palikuwa na Heijo-kyo, mji mkuu wa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, hudhani kwamba Nara ni Heijo-kyo iliyokua na kuzeeka. Sivyo. Mji ule mkuu ulipangwa kwa mitaa iliyonyooka, imekatana kama ukili wa mkeka, na kasri la mfalme liko juu kaskazini. Haukudumu hata karne moja. Mfalme alihama, wakubwa wakamfuata, nyumba zikavunjwa, na mbao zake zikachukuliwa zikajenge kwengine. Kitovu cha mji kikawa majaruba ya mpunga. Yaliyobaki ni mahekalu ya upande wa mashariki, na watu walioishi kwa kuyahudumia ndio waliokuza Nara ya leo. Kwa hiyo mji wa sasa umekaa begani kwa mji wa zamani, na kifua chote kililimwa mpunga kwa mamia ya miaka. Leo treni inakatiza katikati ya uwanja wa kasri.

Lililonipendeza kuliko yote ni namna mji uliozikwa ulivyojulikana tena. Kuta ndogo za udongo zinazotenga jaruba na jaruba zilikuwa zimefuata mistari ya mitaa ya kale. Wakulima walirithi mashamba kwa baba zao, wakalima palepale, wakatengeneza kuta palepale, na barabara za mfalme zikabaki zimechorwa mpunguni. Baadaye wakaja watu wenye kamba na vipimo, wakapima mashamba, wakauona mji.

Mimi niliwapenda wale wenye kamba. Wakulima niliwapita haraka, kama mtu anavyopita maneno ya utangulizi. Hilo ndilo kosa langu lote, na mengine yamezaliwa humo.

Bibi aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, kijana bado, mama yangu yuko tumboni. Alipita Dar es Salaam, akakaa huko miaka, akaja huku kumfuata mama. Katika watu wetu wa London kazi yake ilikuwa moja tu, nayo hakuna aliyethubutu kumpokonya: kualika. Harusi, hitima, maulidi, aliyealika ni Bibi. Kwetu mwaliko wa kweli hutoka kinywani, tena mapema. Kadi ni ya kuwekwa kabatini. Zamani mwalikaji alikwenda mlango kwa mlango. Bibi naye alikwenda mlango kwa mlango, ila alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya dirisha, macho kayafumba, na mama yuko mkekani na simu.

"Nishatoka," husema Bibi. "Mkono wa kulia, kwa muuza halua. Mpigie."

Mama hupiga, na anayepokea ni mtoto wa muuza halua, yuko Muscat, mzee mwenye mvi.

"Haya, navuka. Kwa mshona kofia."

Mshona kofia amekufa zamani, lakini mjukuu wake ana mkahawa Edgware Road, na yeye hualikwa kwa mlango wa babu yake.

"Sasa napita kwa shoga yangu."

Shoga yake ni mwanamke wa rika lake, jirani wa karibu tangu usichana, ambaye sasa anaishi Hounslow kwa mwanawe. Hapo mama humpa Bibi simu mwenyewe, na mwaliko wa dakika moja hugeuka mchana mzima.

Dada yangu hupenda kumtania. "Bibi, ukipita kwa muuza barafu nichukulie ya ukwaju." Na Bibi, macho bado yamefumba, hujibu, "Subiri nirudi, mikono imejaa."

Hakuwahi kusahau mtu hata mmoja. Watu wetu wametawanyika Hounslow, Muscat, Dubai, Toronto, wengine hawajui hata mtaa waliotoka wazee wao una jina gani, lakini kila mmoja alikuwa na mlango kichwani mwa Bibi. Ilipokaribia harusi ya dada, nikatazama jambo hilo nikaona upungufu wake. Nikajiambia: Bibi akifa, njia hii itakufa naye. Basi niichore, na niichore sawasawa.

Kusema kweli sikufikiria kifo chake hata kidogo. Nilitaka na mimi niwe na Heijo-kyo yangu.

Nikanunua karatasi kubwa, nikaitandaza kwenye meza ya chakula tukawa tunakula na sahani mapajani. Nilimhoji Bibi kila jioni nilipotoka kazini, kisha naingia kwenye kompyuta kutazama picha za satelaiti za Mji Mkongwe, paa kwa paa, nalinganisha. Mengi yaliafikiana, nami nilifurahi kupita kiasi. Lakini mahali pamoja palinikatalia.

"Bibi, hapa haiwezekani," nilimwambia. "Unasema ukitoka kwenu unapita kwa shoga yako, kisha ndiyo unaufikia msikiti. Mlango wa nyumba yake uko uchochoro mwengine kabisa. Kufika huko lazima uzunguke msikiti kwanza."

"Mie sizunguki msikiti. Napita tu."

"Unapita wapi? Pana ukuta, na baina ya nyumba na nyumba pana uchochoro."

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita akiwa na furaha, "mimi nimepita hapo kabla mama yako hajazaliwa. Wewe umepita lini?"

Mama akacheka jikoni. Mimi sikucheka. Nilimletea kompyuta, nikamwonesha. Alivaa miwani, akasogeza uso karibu hata pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisubiri kuambiwa kwamba niko sawa.

"Basi labda," akasema. "Labda nimezeeka."

Nilipaswa kuzima kompyuta pale pale. Nilipaswa kumuuliza, "Bibi, unapita vipi?" Swali dogo hivyo. Badala yake nikamwambia, "Si neno, Bibi, akili ya mtu ndivyo ilivyo," kwa sauti ya upole ambayo nikiikumbuka sasa natamani kuziba masikio.

Nikamaliza ramani. Kila nyumba niliyoithibitisha niliiandika watu wake kwa wino. Nyumba ya shoga yake haikuthibitika, maana maneno ya Bibi yalipingana na picha, basi niliiweka ng'ambo ya msikiti, kwenye uchochoro ambao mlango wake unatokea, nikaacha mraba mtupu. Nilikusudia kuijaza nitakapopata ushahidi. Ndivyo nilivyofanya katika mtihani, na ndivyo ninavyofanya katika maisha yangu yote: nisichokuwa na hakika nacho nakiacha tupu, kisha najiona mwaminifu.

Siku ya kualika, Bibi aliomba mwenyewe awekewe ramani mapajani. Nilijiona mtu mkubwa. Aliketi kitini pake, lakini macho yalikuwa wazi, na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya karatasi.

"Kwa muuza halua," akasema, akanitazama. "Ndiyo hapa, eti?"

"Hapo hapo, Bibi."

"Mpigie."

Kidole kikafuata njia, kikapita kwa mshona kofia, kikafika msikitini. Uchochoro wa nyuma ya msikiti Bibi hakuuingia. Hakuwahi kuuingia maisha yake yote, kwani ulikuwa na baraza ya wanaume wa kahawa, na msichana wa wakati wake hakatizi mbele ya baraza ya wanaume. Kidole kikageuka kushoto kama miguu yake ilivyokuwa ikigeuka. Kazi ilikwisha mapema kuliko siku zote. Hata mama alishangaa. "Leo umekwenda mbio," akamwambia. Bibi akasema, "Ramani ya mume wangu hiyo." Na mimi nikafurahi.

Yaliyobaki nadhani umeshayaona. Siku ya hina nyumba ilijaa wanawake, viatu hadi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa napitisha sinia ya sambusa mlangoni nilipomsikia shangazi mmoja akimuuliza Bibi, "Na shoga yako wa Hounslow, mbona simwoni? Mgonjwa?"

Bibi akafumba macho. Nikaona midomo yake inachezacheza, nikajua yuko njiani: katoka mlangoni, kakata kulia, anavuka. Kisha midomo ikasimama.

"Sijampigia," akasema.

Mama akaja mbio na simu. "Mpigie sasa hivi, Bi Mkubwa. Mwambie tulisahau."

"Leo?" Bibi akasema. "Watu wameshatia hina ndiyo nimpigie? Nimwambie njoo ujaze kiti?" Akairudisha simu kwa mama kwa mikono miwili, kama kitu cha kuvunjika. "Mtu aliyenishika mkono siku naondoka kwetu. Huyo ndiye niliyemsahau."

Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu. Nilikwenda chumbani nikaitoa ramani nyuma ya kabati, nikauona ule mraba wangu msafi.

Asubuhi ya harusi nilikwenda Hounslow peke yangu, bila kumwambia mtu, ramani imekunjwa ndani ya mfuko. Kutoka kwetu unashuka na treni hadi Acton Town, unabadilisha, kisha unarudi nje tena kwa tawi jengine la njia ile ile. Ndiyo njia yangu ya kazini. Kila siku nilikuwa nikipita kituo cha yule mama, na hata siku moja sikuwahi kuteremka nimsalimie. Naliandika na hilo, ili hesabu ya makosa iwe kamili.

Alifungua mlango mwenyewe, ushungi mweupe, kijiko mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Bwana harusi au mwizi? Asubuhi hii umenikimbilia."

"Mimi mjukuu wa shoga yako."

"Najua wewe nani. Una pua ya babu yako, maskini. Ingia, uji utaungua."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama jikoni, haraka haraka, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Nikamtandazia ramani mezani. Aliitazama, akapeleka kijiko hadi kwenye mraba.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo kwako."

"Hapa ndipo nilipozalia wanangu? Patupu hivi? Hata kuku hujaniwekea?"

Nikasema sikuwa na hakika. Nikasema Bibi alisema anapita tu, na picha inaonesha ukuta. Akaweka kijiko chini akaanza kucheka, kicheko kirefu hata akashika meza.

"Mwanangu, wewe umetutafuta chini! Bibi yako hajaniingilia kwa mlango wa chini hata siku moja. Pale juu palikuwa na wikio."

Nilikuwa nimelisoma neno hilo mahali, nikalipita. Wikio ni daraja lililofunikwa, linalounganisha ghorofa ya nyumba moja na ya nyumba ya pili, juu ya uchochoro. Akanieleza kwamba nyumba za pale ziliunganishwa hivyo, tangu ya mshona kofia hadi yake, na wanawake wa nyumba zile walipita juu kwa juu, kutoka sebule hadi sebule, kutoka paa hadi paa, wakitembeleana, wakiazimana chumvi, wakibebeana watoto, na wanaume huko chini wakidhani wako ndani wametulia.

"Bibi yako alikuwa akifika kwangu kabla maji hayajachemka," akasema. "Huo msikiti wako tuliuacha chini ya miguu yetu."

"Na sasa hilo wikio liko wapi?"

"Lilianguka kwa mvua, sisi hatuko tena. Satelaiti yako ingelionea wapi?"

Nilimwomba aje harusini. Nikamwambia nimekuja kumwalika kwa kinywa, kwamba kosa ni langu, Bibi hana lake. Nilikaribia kulia, na sikupenda, kwa sababu machozi ya mkosaji ni njia nyengine ya kuomba asamehewe upesi.

Akakoroga uji. Akasema taratibu, "Mwambie bibi yako sina kinyongo. Mwambie nimecheka. Lakini siji. Nikija leo kila mtu atajua nimekumbushwa, na yeye ndiye atakayeaibika. Nikikaa, watasema naumwa. Mie bora niumwe."

Ndani ya treni nilijaribu kufikiri juu ya dada yangu na mambo ya siku ile, nikashindwa. Nilikuwa nafikiri juu ya mpunga. Kitabu changu kilieleza, katika ukurasa nilioupita mara nyingi, kwamba palipopangwa mashamba upya na kusawazishwa, mistari ya mitaa ya kale ilifutika, na hapo wapimaji hawakupata cha kupima. Wakulima hawakujua kwamba wameshika mji. Wangeambiwa na kijana mwenye kamba kwamba kuta zao zimekaa upande, pengine nao wangesema, "Basi labda," wakazinyoosha.

Harusi ilikwenda vizuri. Dada alipendeza. Bibi alikaa mbele na wazee wenziwe, na kila aliyemuuliza habari za shoga yake alimjibu, "Anaumwa kidogo." Uongo ule niliutia mimi, kinywani mwa mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya.

Baadaye nililichora wikio. Nililichora vizuri, kwa wino, na nyumba nikaiandika. Nikamwonesha Bibi. "Sasa iko sawa," akasema, akanirudishia. Ilipotokea hitima ya binamu yake mama, nilimwomba aalike kama zamani, bila karatasi, mimi niwe kwenye simu. Akafumba macho, nikangoja. "Nishatoka," akasema. Kisha akayafumbua. "Siioni njia vizuri. Naiona karatasi yako." Mama akaniambia nialike mimi, nikapeleka ujumbe katika kundi la simu, nikawapigia na wazee mmoja mmoja. Waliitikia wote, na shoga yake Bibi akaja, wakakaa pamoja. "Umealika vizuri," Bibi akaniambia usiku ule, na alimaanisha. Sijapata sifa iliyoniuma kama ile.

Nara wamejenga tena lango la kasri, na ukumbi mkubwa wa mfalme, palepale pa zamani, kwa vipimo vilivyothibitishwa. Nimeona picha. Ni kazi safi, nguzo nyekundu, hakuna aliyekosea hata kidogo. Zamani ningeipenda bila ya kufikiri. Sasa naitazama na kujiuliza ni akina nani waliokuwa wakipita humo kwa njia ambazo hakuna aliyeziuliza.

Wiki moja baada ya hitima, nilipokuwa navaa koti niende kazini, Bibi alinikuta mlangoni naye amevaa buibui.

"Treni yako inapita Hounslow?"

"Kila siku, Bibi."

"Nishushe."

Tulikwenda polepole, nikachelewa kazini. Shoga yake alitufungulia, wakashikana mikono, kisha yule mama akatazama sebule, televisheni inawaka na nguo za mjukuu zimeanikwa juu ya viti.

"Huku chini hapana maana," akasema. "Twende juu."

"Ngazi hizo?" Bibi akasema. "Unataka kuniua ulipe kisasi?"

"Ukifa shauri yako. Mimi uji wangu umeshaiva."

Nikanyanyuka nimshike Bibi mkono. Yule mama akaninyooshea kidole. "Wewe kaa hapo."

Nikakaa. Walipanda, mguu mmoja mmoja, wakipumzika katikati na kucheka. Nikasikia mlango, kisha mbao zikilia juu ya kichwa changu, kutoka upande mmoja wa nyumba hadi wa pili, kisha maneno yasiyosikika vizuri. Baada ya muda mwanawe akarudi kutoka zamu ya usiku, sare yake bado mwilini, akashangaa kunikuta.

"Mama yuko wapi?"

"Juu, na bibi yangu."

"Wanafanya nini huko?"

"Sijui," nikamwambia.